Mkono wa Sokomutu

Aliletwa ndani ya bidoni ya mawese iliyokatwa mdomo, imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi. Ilikuwa mwaka 2006, saa mbili za usiku, mvua imetoka kukatika. Mwenye baiskeli alikuwa ametoka upande wa Kabambare, siku tatu njiani, matope mpaka magotini. Akasimama mlangoni pangu akaita, "Mama Muganga, kuna mtoto huku, hanyonyi."

Nilidhani ni mtoto wa mtu. Kasongo nzima ilinijua kwa kazi hiyo. Miaka ya vita, mji ulipokuwa umezingirwa na watu wakitoka porini wakiwa mifupa mitupu, mimi ndiye niliyekuwa nikipima mikono ya watoto kwa utepe wa rangi tatu na kuwakorogea maziwa ya matibabu usiku na mchana. Nikanawa mikono, nikasogeza taa. Kwanza niliona masikio makubwa. Halafu vidole vinne vimeshika ukingo wa bidoni, kucha zake kama zangu.

Sokomutu. Watu wa pwani husema sokwe. Sisi huku tumemwongezea mtu katika jina lake, na usiku ule nilielewa ni kwa nini. Nyuma alikuwa na kile kishungi cha nywele nyeupe ambacho watoto wao wote huzaliwa nacho, kinachowaambia wakubwa kwamba huyu bado mdogo, asamehewe. Begani alikuwa na chembe mbili za risasi. Mama yake alipigwa kwa kalibre 12 akiwa amembeba kifuani, na risasi ya namna ile haichagui. Nikazitoa chembe zile kwa koleo ya hospitali juu ya meza yangu ya kulia chakula. Hakulia. Alinitazama tu.

Siku ya tisa alikufa. Maziwa nilimpa yanayofaa, ya unga, ya watoto wachanga, kwa kipimo na kwa saa. Kidonda kilikuwa kinakauka. Lakini usiku nilimlaza katika boksi lenye nguo, peke yake, kama tunavyomlaza mtoto katika kitanda cha hospitali. Sikujua kwamba mtoto wa sokomutu halali peke yake hata usiku mmoja mpaka afikie miaka minne au mitano. Kifua cha mama ndicho kitanda, ndicho joto, ndicho dawa. Nilimkosesha kifua. Nimezika watoto wengi wa watu katika kazi yangu, na ningependa kusema kwamba huyu alikuwa tofauti, lakini asubuhi ile mikono yangu ilitetemeka vilevile.

Na kuna kosa la pili, zito kuliko la kwanza. Yule mwenye baiskeli nilimpa dola 20. Nilijiambia ni nauli na chakula cha njiani, na maskini alikuwa amechoka kweli. Haukuisha mwezi, akarudi na bidoni nyingine. Ndani yake mtoto wa pili, mdogo kuliko yule, na kwenye manyoya yake damu ambayo haikuwa yake. Mtu yule alikuwa anatabasamu, maana aliniletea nilichonunua. Sokomutu jike huzaa mara moja katika miaka mitano au sita. Kwa dola 20 nilikuwa nimeagiza mama mmoja auawe, na pengine wengine waliokuja kumtetea, kwa sababu wale hawamwachi mwenzao. Tangu siku ile sijalipa hata franga moja kwa mnyama. Anayeleta namshukuru, nampa maji na bugali kwa sombe, naandika jina la kijiji chake, basi. Wako walioondoka wakinitukana. Sawa.

Mtoto wa pili nilimfunga mgongoni kwa kitenge, nikalala naye, nikaenda naye kazini chini ya koti jeupe. Akaishi.

Baadaye kijana mmoja mwalimu alinisomea habari ambayo imekaa nami tangu hapo. Livingstone, yule mzungu wa mto, alikwama Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Mapema mwaka 1871 mfanyabiashara aliyeitwa Katomba alimpa sokomutu mdogo wa kike ambaye mama yake alikuwa ameuawa. Mzungu akaandika katika daftari lake kwamba mtoto yule alikaa kimya kwenye mkeka kando yake, na kwamba alinyoosha mkono kama mtu ili anyanyuliwe, na akikataliwa alikunja uso, akalia. Livingstone alipoendelea na safari, hakwenda naye. Nimeusikia ukurasa huo mara nyingi na kila mara nauliza: nani alimbeba jioni ile? Miaka zaidi ya 130 kati ya bidoni yangu na mkeka ule, jimbo lilelile, bunduki, mama aliyeuawa, mkono ulionyooshwa. Mji wetu wa Kasongo wenyewe ulikua kwa pembe za ndovu zilizobebwa na watu waliofungwa shingo, zama za Tippu Tip na mwanawe Sefu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mambo ya wanyama ni mambo ya wageni, namwambia mambo ya wanyama ndiyo historia ya nyumba anayolala.

Mwaka 2007 nilimpeleka mtoto yule Lwiro, kaskazini ya Bukavu, kando ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Pale Wabelgiji walikuwa na taasisi yao ya sayansi, na mwaka 2002 ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi, pamoja na kituo cha utafiti cha CRSN walifungua mahali pa kulelea sokomutu na nyani yatima. Nilikwenda kumkabidhi nirudi, nikakaa miezi miwili kujifunza. Nilijifunza karantini ya siku 90, kipimo cha kifua kikuu, namna ya kumtambulisha mgeni kwa kundi kidogo kidogo kupitia wavu. Niliona wanawake wa vijijini, wengine wajane wa vita, wakibeba watoto wale kutwa. Niliona majike wakiwekewa chini ya ngozi vijiti vya kuzuia mimba, vilevile ninavyowawekea wanawake wa Kasongo, kwa sababu mahali pa yatima hapatakiwi kuzaliwa yatima wengine.

Zaidi ya yote nilijifunza hesabu. Sokomutu akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 50 na zaidi. Huyu niliyembeba mgongoni atanizika mimi, na huenda akawazika wanangu, na kila siku ya miaka hiyo anataka kula. Watu wanaona uokoaji ni ile siku ya kumtoa kwenye bidoni. Siku ile ni rahisi. Kazi ni ile miaka 50.

Niliporudi nikafungua kituo kidogo nyuma ya nyumba, kwa ruhusa: vyumba vitatu, wavu wa chuma, kisima. Si makao ya kudumu, ni mahali pa kupokelea na kutibu kabla ya safari. Na hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo sikuisomea, kazi ya kuomba.

Niliandika barua Ulaya na Marekani. Mfadhili mmoja akajibu upesi: atasaidia, ila anataka picha ya mtoto akiwa amevaa nepi, mikononi mwangu, ananyonya chupa. Nikapiga, nikatuma. Pesa zikaja, za miezi minne. Kisha mchana mmoja mfanyabiashara wa hapa mjini akanijia na simu. Picha ileile. "Mama, mkubwa wangu mmoja ameiona, mwanawe anataka kama huyu. Utatuuzia kwa bei gani?" Nilisimama pale uani sina neno. Picha niliyopiga ili kuponya ilikuwa imegeuka tangazo la biashara. Nikamwandikia mfadhili kwamba sitatuma tena picha ya mtoto mikononi mwa mtu; nitatuma ya kidonda, ya ngome ya wavu, ya stakabadhi za ndizi. Hakuandika tena. Kwa miezi miwili tulilishana na mshahara wangu wa uuguzi, ambao nao ulikuja unapotaka. Sijutii.

Nikageukia nyumbani. Kuomba mbali ni kuandika. Kuomba nyumbani ni kutazamana. Nilianza na shehe wa msikiti wetu, maana nilijua swali litatoka kwake, na lilitoka: "Mwanangu, watoto wa watu wana njaa, wewe unakuja kuomba kwa ajili ya wanyama?" Nikamwonyesha daftari. Ukurasa wa kushoto pesa zilizoingia, wa kulia zilizotoka: ndizi, kwa mama fulani wa sokoni, miwa, kwa mzee fulani, mihogo, viazi vitamu, maboga, ujira wa vijana wawili wa usafi. Nikamwambia, "Baba, tazama pesa hizi zimelala wapi usiku. Zimelala Kasongo." Alipitisha kidole mstari kwa mstari, akakutana na jina la dada yake mwenyewe, muuza ndizi. Akanyamaza. Ijumaa ile alieleza ile habari ya mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. Watu walitoa walichonacho: vikombe vya mchele, mafuta, franga zilizochakaa. Jumapili padri naye akatoa nafasi ya tangazo. Wachimba dhahabu wa Salamabila, ambao ndio wanunuzi wakubwa wa nyama ya pori, waliniletea mchango mkubwa kuliko wote mwaka ule. Nimeambiwa sikupaswa kuupokea. Niliupokea, na nilikwenda mpaka machimboni kuwaambia ulivyotumika na kwa nini mama sokomutu asiingie sufuriani. Sheria ya uhifadhi ya Februari 2014 inamlinda, lakini karatasi haifiki Salamabila bila mtu wa kuibeba.

Si sokomutu tu tuliowapokea. Nyani wa mkia mrefu, kima wa kila namna, kakakuona mara mbili, na kasuku. Kindu, mji mkuu wa jimbo letu, una kata nzima inayoitwa Kasuku, na ndege hao tumewamaliza kwa ulimbo. Mtegaji anafunga kasuku mmoja kileleni mwa mti alie, wenzake wakija kumsikiliza wananata. Mwaka 2016, mkutano wa mataifa Johannesburg ulipiga marufuku biashara yao ya kimataifa, na marufuku ikaanza Januari 2017. Safari za makasha ya kasuku zikapungua, hazikukoma. Kasuku waliokatwa mbawa hulazimika kungoja manyoya yaote upya, na kungoja huko ni miezi mingi ya karanga na ngazi. Ulimbo unatoka kwa mafuta kidogo na majivu, unyoya mmoja mmoja, na mikono miwili haitoshi: lazima mtu mwingine ashike kichwa. Siku ya kuwaachia sitaki kuieleza sana. Waliruka vibaya, kama walevi, kisha wakaruka vizuri.

Mwaka 2022 watu wenye silaha waliiba watoto watatu wa sokomutu kwenye kituo cha yatima cha JACK, Lubumbashi, wakadai fidia. Siku ile nilinunua kufuli mpya, na nikamwomba mwanangu alale uani. Nilijua zamani kwamba mtoto wa sokomutu ana bei. Sikujua kwamba bei yake ingemfuata hata ndani ya wavu.

Sasa nina miaka 66. Hospitalini nimestaafu, kuomba sijastaafu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na barua nilizopokea mwezi uliofuata zilifanana zote: pole, hatuwezi. Februari ileile waasi wa M23 waliingia uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha Bukavu. Kavumu ndiyo njia yetu ya Lwiro. Kutoka uwanjani mpaka kwenye kituo ni mwendo mfupi. Miaka yote hiyo nilipokea mtoto nikijua kuna mahali pa kumpeleka. Lwiro wako palepale na wanyama wao zaidi ya 100, mstari wa vita umewapita juu ya vichwa, nao wanawalisha. Ila mimi siwezi kuwafikia.

Mtoto niliye naye sasa ni wa kike, alikuja kwa pikipiki ndani ya gunia la mchele. Karantini yake imekwisha zamani. Kituo changu hakikujengwa kwa ajili ya mtoto anayekua. Meno yameota, ana nguvu ya kung'oa bawaba, na anahitaji wenzake kuliko anavyonihitaji mimi. Nimeandika Lubumbashi kuuliza kama kuna nafasi na kama kuna ndege. Nimeandika Kinshasa kuomba kibali. Mama muuza ndizi ananikopesha tangu mwezi uliopita, deni liko ukurasa wa kulia, na jana aliongeza mkungu mmoja ambao hakuutaja, nami nimeuandika.

Jioni inapoingia hukaa mkekani karibu na kiti changu na kunyoosha mkono. Namnyanyua. Barua hizi naziandika kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ameushika yeye. Maziwa yaliyobaki koponi yanatosha mpaka Alhamisi.