Unyevu Chini ya Kapeti



Leo nataka kuwasimulia habari ya gari linalovuja. Naomba wasio na gari wasinikimbie, maana wengi wetu tuna kitu cha kuuza, kama si leo basi kesho.

Mvua ilitukamata Kamonkoli. Ilikuwa mwezi wa Machi, mimi na mama watoto tunarudi Jinja kutoka Mbale, tumetoka kumtazama binti yetu anayesoma pale Chuo Kikuu cha Kiislamu. Waliowahi kufika Mbale wanajua mvua ya kule inavyoshuka na mlima. Ukitazama Wanale baada ya mvua kubwa unaona maporomoko yamening'inia kwenye mwamba kama vitambaa vyeupe. Tukaishika barabara ya Tirinyi, waipa zinapiga mbio, nami nilikuwa na furaha zangu mbili moyoni. Binti mzima, na gari limepata mnunuzi.

Tulipofika Namutumba mke wangu akanyanyua miguu. Kapeti la upande wake lilikuwa linatoa maji kama sponji la kuoshea vyombo. Mkoba aliouweka chini, wenye kanga na vitabu alivyopewa na binti avirudishe nyumbani, ulikuwa umelowa mpaka katikati. Akanitazama. Hakuuliza maji yametoka wapi. Aliuliza, "Baba, yule ustadh umemwambia?"

Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Maji yale hayakuwa mageni kwangu. Niliyajua tangu mvua za Oktoba. Asubuhi moja nilikuta kapeti la abiria limelowa, nikalipangusa kwa kitambaa. Wiki ya pili hivyo hivyo. Desemba jua lilipokolea nikaacha milango wazi siku mbili tatu, likakauka juu, nikanunua manukato yale ya kuning'iniza kwenye kioo, uvundo ukapotea. Januari, katikati ya kiangazi, akaja ustadh mmoja wa Mbale kuliona gari. Alilizunguka, akasikiliza injini, akaketi ndani, akasema mashaAllah gari lako safi Mwalimu. Tukapatana milioni 14. Akatoa milioni 3 za mwanzo, zilizobaki atazimaliza mwishoni mwa Machi na kulichukua gari. Mimi sikusema uongo hata neno moja. Hakuniuliza kama linavuja, nami sikumwambia.

Na milioni zile zilikuwa na kazi. Ada ya binti, deni la duka, na bati za nyumba ya mama mzazi.

Basi nikamjibu mke wangu kwamba nitalitengeneza kwanza, na likishatengenezwa hakuna tena cha kumwambia mtu. Hakunijibu mpaka Iganga.

Nikaanza na fundi wa karibu. Alitazama kioo cha mbele, akasema mpira wake umechoka, akapaka silikoni kukizunguka chote. Laki moja ikaenda. Siku ya tatu ikanyesha, maji yakaingia vilevile. Fundi wa pili akasema hayo ni maji ya kiyoyozi, bomba lake dogo la kutolea maji limeziba. Hilo linawezekana kweli kwa magari mengi, kwa hiyo nalitaja ili mlijue: kiyoyozi kinapofanya kazi hutengeneza maji, na bomba likiziba maji yale humwagikia miguuni pa abiria. Lakini maji ya kiyoyozi ni meupe, na huja hata siku ya jua kali ilimradi umekiwasha. Ya kwetu yalikuja baada ya mvua tu, na rangi yake ilikuwa kama chai ya rangi. Pia kuna maji ya rejeta yanayopitia kwenye hita ndani ya dashibodi. Hayo huwa na rangi ya kijani au nyekundu, yanateleza ukiyashika, na harufu yake ina utamutamu. Ukiona hayo usisafiri, nenda gereji, kwa kuwa injini inaweza kukosa maji njiani.

Aliyetutoa gizani ni mzee wetu mmoja wa msikitini hapa Jinja, aliyefanya kazi ya magari maisha yake yote na sasa macho yamepungua nguvu. Alikuja baada ya swala ya Alasiri, akaweka fimbo yake juu ya boneti, akaniambia kitu ambacho wale wawili hawakunitajia. Maji unayaona pale yalipochoka kushuka, akasema, wala si pale yalipoingilia. Ukiziba ulipoyaona umeziba bure.

Akatuamuru tutoe kapeti la upande ule, tukaushe bati kwa kitambaa, tutandike magazeti makavu. Kijana wangu mdogo akaingia ndani na tochi, akalala kichwa chini miguu juu ya kiti, jambo lililomfurahisha kuliko sikukuu. Mimi nikashika jerikeni. Mzee akasema tuanzie chini kwenda juu, sehemu moja moja, maana ukimwaga juu kwanza maji hulowesha kila mahali na hutajua mlango ni upi na kioo ni kipi. Nikamwagia mlango, tukangoja dakika kumi. Kavu. (Ingekuwa mlango, angetufungulia ubao wake wa ndani tutazame ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma, maana ikibanduka maji ya mlangoni huingia ndani.) Nikamwagia kioo kwa juu na pembeni. Kavu. Kisha akasema sasa mwagia hapa chini ya waipa, kwenye ile plastiki nyeusi yenye matundu. Nusu jerikeni haikwisha, kijana akapiga kelele, "Baba! Yanakuja! Yanatoka nyuma ya droo!"

Tukafungua waipa, tukainua ile plastiki. Ndugu zangu, mle ndani mlikuwa na shamba. Sisi gari letu hulala chini ya mwembe, na majani ya mwembe yalikuwa yameingia kidogo kidogo, yakaoza yakawa udongo mweusi, na katika udongo ule kulikuwa na mche umeota, una majani mawili! Mzee alicheka mpaka akashika ubavu.

Kazi ya pale mahali ni hivi. Mvua inayoteremka kwenye kioo huingia chini ya ile plastiki, kwenye mfereji wa bati. Mfereji una matundu ya kutolea maji pembeni, nayo hushukia nyuma ya magurudumu ya mbele. Katika mfereji huohuo kuna tundu kubwa ambalo feni ya ndani huvutia hewa safi, na limezungushiwa ukingo ili maji yasiingie. Matundu ya pembeni yakiziba, mfereji hujaa kama beseni, maji yakavuka ukingo, yakaingia kwenye feni, yakashuka nyuma ya droo ya dashibodi mpaka miguuni. Katika magari mengi ya Kijapani yenye usukani wa kulia, kama haya yetu ya Uganda, feni iko upande wa kushoto, ndiyo maana dereva anakaa pakavu na abiria analowa. Mimi dereva nilikaa pakavu tangu Oktoba.

Tulitoa uchafu kwa mikono, ndoo nzima. Matundu tulizibua kwa waya laini, taratibu, maana mzee alikataza kusukuma kwa nguvu, akasema katika baadhi ya magari mle kuna mpira unaoweza kuchomoka ukakuletea tatizo jipya. Tukamimina maji, yakatoka chini ya gari shaa. Chujio la hewa lililo nyuma ya droo lilikuwa limeoza, tukaweka jipya. Yote haya yaligharimu chini ya ile laki ya silikoni.

Kapeti ndilo lililotutesa. Juu lilionekana limekauka, lakini chini yake kuna sponji nene kama godoro, na maji ya Oktoba yalikuwa bado yamo. Tulilikamua, tukalianika juani siku nne. Chini yake kulikuwa na waya na soketi za umeme. Mzee alitufungulisha betri kabla ya kuzigusa, na mbili zilikuwa zimeanza kuota ukungu wa kijani. Na kwenye bati, kutu, sehemu ya ukubwa wa kiganja changu.

Mke wangu aliuliza kuhusu zile kanga zake za kuswalia zilizolowa, maana uvundo wake ulikuwa si mchezo. Tukaelezwa kuwa maji ya mvua ni tohara, na majani kuyabadili rangi au kuoza harufu peke yake hakuyafanyi kuwa najsi. Alizifua hata hivyo. Mara tatu.

Basi gari likawa kavu. Ikanyesha usiku kucha, asubuhi magazeti niliyotandika yakawa makavu kabisa. Nikamwambia mama watoto, unaona, sasa hakuna aibu tena, gari ni zima. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Akanikumbusha ile habari ambayo sote tumeisikia kwenye darsa tangu tukiwa watoto, iliyomo katika Sahihi Muslim, ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni penye fungu la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa ni mvua tu imeinyeshea. Naye akaulizwa mbona basi hakuuweka ule unyevu juu watu wauone. Kisha likafuata lile onyo juu ya anayedanganya, mnalijua.

"Na wewe," akasema mke wangu, "fungu lako umepanga makavu juu."

Nilikasirika, siwafichi. Nikaenda kwa sheikh nikitafuta mlango wa kutokea. Nikamuuliza, je, nikiandika kwenye mapatano kwamba nauza gari kama lilivyo? Akaniambia maneno hayo hayamkomboi mtu juu ya aibu anayoijua na akaificha. Nikauliza, na kama aibu imeshatengenezwa? Akaniuliza yeye, kutu imeondoka? Soketi zile ni mpya? Nikanyamaza. Akanieleza kuwa mnunuzi akija kugundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo naye hakuambiwa, ana haki ya kurudisha kitu. Mimi haki hiyo niliisoma madrasa, nikaifaulu hata mtihani. Sikuwahi kuifikiria kutoka upande wa muuzaji.

Nilimpigia ustadh usiku, baada ya Isha. Nikamweleza yote, pamoja na manukato. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Watu wa Mbale maji hawayachukulii mzaha. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku, ikaua watu na kubeba nyumba na magari. Mwishowe akasema, "Mwalimu, Januari uliniona nimeketi kwenye kiti kile." Nikasema ndiyo. Akasema atakuja Jumamosi.

Alikuja na fundi wake. Sikuwalaumu. Walinyanyua kapeti wenyewe, wakakwangua kutu, wakamimina jerikeni mbili chini ya waipa huku fundi amelala ndani na tochi. Bati lilikuwa zima chini ya kutu. Wakakaa pembeni wakahesabu: kukwangua na kupaka rangi ya kuzuia kutu, soketi mbili, siku za kazi. Ustadh akarudi akasema atatoa milioni 13 na laki mbili, na kama sitaki, nimrudishie milioni zake 3 tuachane kwa wema. Laki nane zikaondoka hapo hapo. Nilitaka kubishana juu ya laki mbili, ulimi ukawa mzito.

Tuliandikiana mapatano mapya, safari hii ubovu umeandikwa mstari kwa mstari, kila mmoja akachukua nakala. Mama watoto alileta chai na mandazi, akamsalimia ustadh na kumpa pole ya safari, akarudi ndani. Bati za mama zimengoja. Ada ya binti ililipwa ya nusu muhula kwanza, nami nikampigia kumweleza sababu, maana ni mtu mzima sasa na pia vitabu vyake ndivyo vilivyolowa. Alicheka kwanza. Halafu akauliza kama babake hakuona haya kumwambia ustadh habari ya manukato.

Kabla ya kuondoka nilimwonyesha mnunuzi namna ya kuinua ile plastiki bila kuvunja vishikizo vyake, na nikamwomba atoe majani kila mwezi. Akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Kumbe nyumbani kwake Mbale gari litalala chini ya mwembe pia.