Kuvisoma Tena Visiwa vya Ged

Utenzi hausikilizwi mara moja. Aliyekulia pwani anajua kwamba mghani wa Utenzi wa Tambuka, au wa habari za Fumo Liyongo, hawapi wasikilizaji wake jambo wasilolijua. Wanamjia kwa sababu wanalijua, na mara nyingine humtangulia kwenye kina kabla yeye hajakifikia. Nalitaja hili mapema kwa kuwa nimeulizwa, tena na watu ninaowaheshimu, ana faida gani mtu wa makamo kuvirudia vitabu sita vya majoka na mazingaombwe, vilivyotungwa na mwanamke wa Marekani, na ambavyo vitatu vya mwanzo vilikusudiwa vijana. Jibu langu ni hilo la utenzi. Lakini liko na jingine, nalo ni refu kidogo.

Mtungaji wa vitabu hivyo ni Ursula K. Le Guin, aliyezaliwa California mwaka 1929 na kufariki Portland mwaka 2018. Cha kwanza, A Wizard of Earthsea, kilitoka mwaka 1968. Cha pili na cha tatu vikatoka 1971 na 1972. Kikapita kimya cha miaka 18 hadi kilipotokea Tehanu, mwaka 1990, na mwaka 2001 vikaja viwili kwa pamoja: mkusanyo wa visa vifupi, na riwaya ya mwisho, The Other Wind. Ulimwengu wake hauna bara. Ni visiwa tupu, vya kusi na vya kaskazi, vya wavuvi na vya wafinyanzi, na baina yao maji. Mtu wa visiwani hahitaji kuelezwa mantiki ya ulimwengu huo: kwamba habari hufika kwa chombo, kwamba mgeni hujulikana tangu tanga lake lingali mbali, na kwamba kijiji cha ng'ambo ya mlango wa bahari kina desturi ambazo kwenu ni kichekesho.

Nilikipata cha kwanza nikiwa na miaka kumi na saba, katika lundo la vitabu chakavu Darajani, hakina jalada na kurasa zake mbili za mwanzo zimeliwa na mchwa. Shule nilikuwa nimekwisha kuiacha. Kiingereza changu kilikuwa cha kamusi ya Johnson, neno kwa neno, mfano wa mtu anayevuka maji ya kifuani huku akipapasa kwa unyayo. Yamkini ndiyo sababu kitabu kile kilinishika. Kinamhusu mvulana maskini, mtoto wa mfua shaba asiye na mama, anayegundua kwamba maneno yana nguvu, na anayekwenda kisiwa cha Roke kujifunza majina ya vitu. Huko yuko mwalimu mmoja katika mnara wa upweke ambaye kazi yake ni majina tu. Wanafunzi hukaa wakikariri orodha ndefu, na ifikapo usiku wa manane wino hufutika, na kesho yake huanza orodha nyingine. Wengine waliosoma kitabu hiki wamenambia kwamba hapo walipiga miayo. Mimi nilidhani nasoma habari zangu mwenyewe na daftari langu la msamiati.

Tangu siku zile nimekuwa nikijaribu kuvitia vitabu hivi katika Kiswahili, si kwa kuchapisha, kwani haki si zangu, bali kama mshonaji anavyofumua nguo ya mwenziwe apate kuona ilivyokatwa. Kazi hii hukwama kwenye neno la kwanza kabisa. Ged ni nani kwa lugha yetu? Mchawi hawezi kuwa. Mchawi kwetu ni mtu wa usiku na wa husuda. Mganga anamfaa shangazi yake wa kijijini, mwenye makombe na hirizi na ada yake mkononi, ila hamfai bwana wa Roke. Mwanachuoni anakuja na kilemba na msahafu wake, na hapo tumekwisha kuhama kitabu. Nimeishia kwenye mjuzi, neno lisilo na moto mwingi, kwa kuwa nguvu ya watu hawa haiko katika kafara wala katika mizimu, iko katika kujua jina la kitu katika lugha ya kale ambayo binadamu hawezi kuisemea uongo. Majoka wanaweza. Hilo nalipenda sana.

Jina lenyewe la kweli halikunipa taabu. Bibi yangu hadi anaingia kaburini hakuwahi kumtaja babu kwa jina lake. Alimwita mwenye nyumba. Kwa hiyo niliposoma kwamba watu wa visiwa vile huficha majina yao ya kweli na kuitana kwa majina ya ndege na mimea, na kwamba Estarriol anampa Ged jina lake wakati Ged amefedheheka na hana mtu, sikuhitaji tanbihi. Nilijua alichopewa.

Lipo jambo ambalo nililipita kwa haraka katika usomaji wa kwanza, kwa sababu kwangu lilikuwa la kawaida: kwamba Ged ana rangi ya shaba iliyoiva, rafiki yake ni mweusi, na watu weupe ni wale wa mashariki wanaokuja kuchoma vijiji. Mwandishi halipigii ngoma. Wachoraji wa majalada, kwa miaka na miaka, wakamfanya Ged mweupe; na mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ikafanya vivyo hivyo, hata Le Guin mwenyewe akaandika hadharani kulalamika. Nilipoisoma habari ile nilishukuru kwamba nakala yangu haikuwa na jalada.

Mwaka 2011 nilianza kumsomea baba yangu. Alikuwa nahodha wa jahazi, na macho yake yalikuwa yamekwisha. Baada ya magharibi nilikaa naye barazani, kitabu cha Kiingereza mkononi, nikimpa Kiswahili papo hapo. Sijawahi kuwa na mhariri mkali kuliko yeye. Mahali Ged anapokitengeneza chombo kikuukuu na kukichora macho mawili omoni, alinisimamisha. "Macho yako kila upande?" Nikamwambia ndiyo. Akaridhika, maana mitepe ya zamani ilikuwa na macho, na madau ya Lamu yanayo. Upepo wa kuamrishwa, ule ambao wajuzi huuita ndani ya tanga, hakuupenda. "Hiyo ni mashine tu, mwanangu," alisema. Aliyempenda ni Ogion, mjuzi mzee wa Gont, ambaye mvua ikinyesha anaiacha inyeshe na kulala chini ya mti akilowa, ilhali angeweza kuisukumia kilima cha pili. Baba alicheka kwa furaha. Alisema huyo ni mtu aliyepata kusafiri.

Tukamaliza cha kwanza. Kivuli kinachomfukuza Ged kilinisumbua kukifasiri, kwa sababu kwetu kivuli ni rehema, ni chini ya mwembe saa saba mchana. Kukiita mzuka kungetoa siri, nayo siri ni kwamba mwishoni, bahari inapogeuka mchanga, Ged na kile kitu wanaitana kwa jina moja. Nilibaki na kivuli, na baba hakulalamika. Cha pili, cha msichana Tenar aliyechukuliwa mtoto wa miaka mitano akafanywa kuhani wa giza chini ya ardhi, alikisikiliza kwa adabu. Hakikuwa na bahari ya kutosha.

Cha tatu hatukukimaliza. Humo Ged, sasa mkuu wa wajuzi wote, na kijana Arren wanasafiri hadi nchi kavu ya wafu. Upo ukuta mfupi wa mawe, na ng'ambo yake mteremko, nyota zisizotembea, miji isiyo na sauti. Wafu wapo, wazima wa viungo, lakini hawana haja na lolote. Mama na mtoto waliokufa pamoja hawakimbiliani. Waliopendana wanapitana njiani. Niliyafasiri hayo kwa uangalifu mkubwa, nikajivunia hata mizani ya sentensi. Baba alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Yaani mama yako atanipita njiani?" Mama alikuwa na miaka sita kaburini. Nikamwambia ni hadithi. Akasema anajua ni hadithi, na akaniomba nifunge kitabu. Mwaka uliofuata, kabla ya kusi kuingia, naye akafariki.

Sikukifungua kwa miaka mingi. Sisi tuna barzakhi, kizuizi kati ya wafu na ulimwengu huu hadi siku ya kufufuliwa, na mtu angeweza kudhani ukuta ule wa mawe ni ndugu yake. Si ndugu. Barzakhi ni mahali pa kungojea. Katika nchi kavu hakuna kinachongojewa. Niliona kwamba mwandishi huyu, mwenye huruma kwa mbuzi na kwa watoto na hata kwa majoka, amewafanyia wafu ukatili, na kwamba baba yangu aliugundua kwa sikio moja tu wakati mimi nilikuwa nahesabu mizani.

Nilirudi kupitia Tehanu. Wengi waliovipenda vitatu vya kwanza hawakukipenda hiki. Walitaka Ged wao na fimbo yake. Wanampata Ged aliyepoteza uwezo wote katika nchi kavu, analetwa nyumbani mgongoni mwa joka, dhaifu, mwenye haya, anajificha wajumbe wa mfalme wasimwone, anakwenda kuchunga mbuzi. Habari yenyewe ni ya Tenar, sasa mjane wa mkulima, mwenye watoto wakubwa na mtoto wa kulea aliyeunguzwa uso. Ogion anapokufa, ni Tenar aliyeachiwa jina lake la kweli. Wajuzi wawili wanagombana juu ya maiti kuhusu mahali pa kuizika, Tenar anawataja jina na wosia wa marehemu, na mmoja wao, akiona ni mwanamke wa kijijini tu, anamgeuzia kisogo. Nina miaka hamsini na ushei. Nimekaa katika mikutano ya washairi, nikataja asili ya neno, na nikaviona visogo hivyo. Mwisho wa kitabu umeharakishwa, sitakanusha, na adui wake ni mwovu kwa namna ya mchezo wa redio. Hata hivyo kati ya sita hivi ndicho ninachokiweka karibu na kitanda.

The Other Wind nilikisoma mara ya kwanza kwa pupa na sikukielewa. Mwaka jana nilikisoma polepole. Fundi mmoja wa kuunga vitu vilivyovunjika amefiwa na mkewe, na kila usiku, ndotoni, anajikuta kwenye ule ukuta. Mkewe anamjia ng'ambo, anamwita kwa jina, anambusu juu ya mawe. Anamtambua! Kisha wafu wengine wanakuja, umati, wanayang'oa mawe kwa mikono yao, wakiomba kuachiliwa. Na polepole inajulikana kwamba nchi kavu haikuwa hatima ya binadamu tangu kuumbwa. Iliibwa. Wajuzi wa kale, katika tamaa ya kutokufa, waliinyakua kutoka kwa majoka na kuizungushia ukuta, na majina yao yakawa ndiyo minyororo yao. Ukuta unabomolewa, wafu wanavuka, wanayeyuka katika mwanga.

Miaka 29 ilipita kati ya kuujenga ukuta ule katika kitabu cha tatu na kuubomoa katika cha sita. Kwanza nilikasirika: kama lilikuwepo jibu, kwa nini hakulitoa palepale? Sasa naamini hakuwa nalo. Alikuwa na miaka arobaini na ushei alipoandika juu ya nchi kavu, na kama sabini hivi alipouvunja ukuta, naye alikuwa amerudi kwenye maneno yake mwenyewe na kuyauliza upya, jambo ambalo washairi tunalikwepa kwa sababu shairi likishaghaniwa tunaliona ni mali ya wasikilizaji.

Nimeanza kukifasiri hicho cha sita. Nakifasiri kwa sauti, barazani, baada ya magharibi, kwa mwendo ule wa sentensi ambao baba aliuzoea, ingawa majirani wanaweza kunidhania vingine. Sijafika mbali. Katika kurasa za mwanzo, yule fundi anafika Gont na kumkuta Ged, mzee wa miaka sabini, amepanda ngazi anachuma matunda, na matunda yale huku kwetu hayaoti. Kamusi inanipa neno la kukopa ambalo baba asingelitambua. Kwa sasa nimeandika zambarau.