Furu katika Tangi la Kioo

Sisi wa Nkende ni watu wa ng'ombe na mahindi. Samaki kwetu ni kitoweo kinachopanda kutoka ziwani juu ya baiskeli au basi, kikiwa kimekwisha kukauka. Ndiyo maana mgeni akiingia sebuleni kwangu na kukuta furu hai ndani ya kioo, swali lake la kwanza huwa ni lini watapikwa.

Tangi lenyewe ni dogo: urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40. Ukiondoa mawe na mchanga, maji hayazidi lita 90 hivi. Mwanangu wa kwa kaka, ambaye amepata kuona samaki wa Kigoma na mbuna wa Ziwa Nyasa, hanipi raha. "Baba mdogo, changanya basi! Weka wa manjano, weka wa buluu, na sato mmoja."

Sato nilimkataa mara moja. Huyo hukua kupita sentimita 30, na tangi langu lingekuwa kwake kama karai. Mbuna ni wagomvi, hutaka nafasi kubwa. Wale wa Tanganyika wamezoea maji magumu yenye magadi kuliko ya Ziwa Victoria. Kama ningeamua kufuga wa Tanganyika, ningechukua wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, tena peke yao.

Lakini swali gumu, ndugu msomaji, ni la furu kwa furu. Mwaka 1985 samaki mmoja mwekundu wa miamba ya Mwanza alielezwa kitaalamu na kupewa jina la Mwalimu Nyerere, mtu wa mkoa wetu huu wa Mara: nyererei. Baadaye jamii yake iliitwa Pundamilia, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Ana ndugu yake mwenye dume la buluu, na majike wa aina hizo mbili hufanana sana. Je, wakae pamoja?

Kwa upande wa ugomvi, pengine ndiyo. Dume mwekundu humwandama zaidi mwekundu mwenzake kuliko wa buluu. Hatari iko kwenye ndoa. Jike huchagua kwa macho, kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba chini ya mwanga wa rangi ya chungwa pekee, majike walishindwa kuwabagua madume. Ziwani, maji yakichafuka, hutokea vivyo hivyo, na aina mbili huishia kuwa moja. Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 aliwala furu wengi mno, hilo wengi wanalijua. Lakini udongo wa mashamba yetu haya ya mteremko nao hufika ziwani, na huko huwaziba macho waliosalia. Hili la pili halizungumzwi sana, labda kwa kuwa halina meno.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Aina moja tu, kutoka mwamba mmoja: dume mmoja na majike watano, ili ukali wake ugawanyike. Mawe yamepangwa yawe na mapango, maana jike mwenye mayai mdomoni hukaa majuma mawili au zaidi bila kula, na humhitaji mahali pa kujificha. Taa ni nyeupe. Maji ya bomba huyalaza kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyamimina, nami hubadili robo tu kwa juma.

Kijana ananung'unika kwamba tangi lina rangi moja. Sawa. Makinda yakizidi nitampa mwenye tangi jingine, kwa sharti kwamba asiwachanganye, na wala asiende kuwamwaga mtoni.