Kubebwa Si Kwenda

Mara ya kwanza kubebwa nilikuwa na miaka 23. Ilikuwa masika ya mwaka 2012. Barabara ya kutoka Kisaki hadi Bigwa ilikuwa imelowa, udongo wake mwekundu unang'aa kama umepakwa mafuta, nami nimekaa juu ya mikungu ya ndizi kwenye lori lililotoka kwetu Matombo kwenda Morogoro mjini. Kabla hatujafika Mkuyuni gari liliserereka kwenye kona, likalala ubavu. Sikusikia maumivu. Niliiona miguu yangu imekunjwa chini ya mkungu, nikajaribu kuinyoosha, haikunyooka.

Watu waliteremka kutoka mashambani mbio. Walikata miti miwili, wakafunga vitenge katikati, ikawa machela, kama tulivyozoea milimani mgonjwa anaposhushwa kutoka kitongoji kisichofikiwa na gari. Mjomba wangu alikuwa kwenye lori lile lile. Alishika mbele, upande wa kulia. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Njia nzima alikuwa akiniambia, "Tulia mpwa wangu, tumekushika." Walinishika kweli. Mikono ile naiombea heri mpaka leo.

Uti wa mgongo ulikuwa umeumia. Nililazwa miezi minne, nikapata vidonda vya kulalia upande mmoja, vikapona, nikafundishwa kujiinua kwa mikono kila baada ya muda mfupi ili visirudi. Nilitoka hospitali nimekaa kwenye kiti mwendo. Nyumba ya mama iko juu kabisa, njia yake ni ya miguu tu, tena miguu yenye nguvu. Mjomba aliketi na ukoo, wakaamua nikae mjini kwa dada yangu, huko Kihonda, kwa sababu kule ardhi ni tambarare. Kila mtu aliamini tambarare ndiyo dawa. Hata mimi.

Kutoka uani kwa dada naiona milima ya Uluguru vizuri, asubuhi ikiwa na ukungu kileleni. Ila kilichonifunga Kihonda kilikuwa na kimo cha sentimita 15 tu. Ndicho kimo cha kidato kimoja cha ngazi. Dukani vilikuwa viwili, zahanati vitatu, kanisani vinne. Kati ya nyumba na barabara palikuwa na mtaro wa maji ya mvua, umewekewa mbao mbili ambazo mtu mzima anazivuka bila kuziangalia. Gurudumu langu lilikuwa pana kuliko ubao. Makonda wa daladala waliniangalia, wakaangalia kiti, wakagonga bodi gari liondoke. Wenye bajaji walinitoza nauli mbili, yangu na ya kiti. Milango ya vyoo sitaisimulia. Niseme tu kwamba siku nikiwa na safari, nilikuwa sinywi maji tangu jana yake.

Siku iliyonigeuza ni ile niliyokwenda kwenye ofisi moja kuulizia mkopo. Mwaka 2018 ilikuwa imewekwa kwenye sheria kwamba kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nilitaka mtaji wa kuuza ndizi na viungo kutoka kwetu. Chumba nilichoelekezwa kilikuwa ghorofani. Nilikaa chini ya ngazi tangu saa tatu. Nilimtuma mtu juu na swali langu, akarudi na jibu la swali jingine. Nikamtuma wa pili, akapita mlango wa nyuma, sikumwona tena. Saa sita vijana wawili walinihurumia. Mmoja alinishika kwapani, mwingine magotini, wakapanda nami. Katikati ya ngazi gauni langu lilipanda, mapaja yakabaki wazi mbele ya foleni ya watu, nami sina mkono wa kulishusha, maana mikono yote miwili nimejishikiza shingoni kwa kijana nisiyemjua. Wazee waligeuza nyuso. Walifanya hivyo kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyoniliza.

Usiku huo nilijiambia: kubebwa si kwenda. Anayebebwa huondoka mbebaji akipata nafasi, na hurudi mbebaji akiwa na nguvu. Hufika akiwa tayari ana deni la shukrani, hata kabla hajaeleza shida iliyompeleka. Wale vijana hawakunikosea, na mjomba wangu kwenye machela aliniokoa. Lakini huruma ya watu haiwezi kuwa barabara. Barabara ipo hata siku watu wote wako kazini.

Mzee mmoja seremala, anayetembea kwa magongo na aliyekuwa mwanachama wa Chama cha Walemavu Tanzania (CHAWATA), ndiye aliyenifumbua macho. Alinieleza kwamba nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kwamba mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sheria hiyo inataka majengo na huduma za umma zifikiwe na kila mtu. Nilihesabu kwa vidole. Nilianguka mwaka 2012. Maana yake, haki yangu ya kuingia mlangoni ilikuwa imeshaandikwa miaka miwili kabla sijaihitaji. Tangu siku hiyo niliacha kusema "naomba mnisaidie". Nilianza kusema "naomba tupime".

Tulianza na zahanati ya jirani. Tulikuwa kikundi cha watu watano: mimi, mzee seremala, mama mmoja asiyeona, kijana kiziwi, na dada anayelea mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaongea kwenye mkutano wa hadhara, jumuiya yetu ikachangisha. Huyu mfuko wa saruji, yule ndoo za mchanga, mwingine siku moja ya kazi. Mteremko ukajengwa. Siku ya kuufungua watu walipiga vigelegele, nami nikasogea niupande. Niliusukuma mara mbili, mara ya tatu magurudumu ya mbele yakanyanyuka, kiti kikataka kupinduka kinyumenyume. Mtu akanidaka. Kimo kilikuwa sentimita 45, na mteremko wote haukuzidi mita moja na nusu. Isitoshe, fundi alikuwa ameupiga nili ukateleza kama sahani, kwa nia njema kabisa, ili upendeze.

Nilirudi nyumbani nikamkumbuka bibi yangu. Alikuwa akitusimulia habari za mwaka 1955, watu wa Matombo walipoinuka kupinga matuta ya ngazi ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuyachimba ubavuni mwa mlima. Wakubwa walisema wanaokoa udongo usimomonyoke. Bibi alisema jembe lilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufunika ule mzuri, na hakuna aliyemuuliza mkulima. Mpango ule uliachwa. Nikaelewa kosa letu. Tulichanga pamoja, tulishangilia pamoja, ila siku ya kupima hakuna aliyeniita.

Nilimwita fundi nikamwomba tupime upya. Kanuni inayotumika nchi nyingi ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Sentimita 45 mara 12 ni mita 5.4. Fundi aliangalia uwanja, akasema haitoshi. Tukakaa chini tukachora mchangani: mteremko uende mbele, ukate kona palipo na sehemu bapa ya kupumzikia, kisha upande tena hadi mlangoni. Kwenye kona nilizunguka na kiti changu, yeye akifuata alama za magurudumu kwa chaki. Alipomaliza alipima akapata mita moja na nusu, akaandika ukutani. Pembeni aliweka kingo gurudumu lisichomoke, na bomba la kushikia pande zote mbili. Zege lilipokuwa bado bichi, badala ya kulipiga nili, alilikwaruza kwa fagio la chelewa, likabaki na mistari. Yule mama asiyeona alivua kandambili akapita akilisikiliza kwa nyayo. Akasema, "Hapa najua naelekea wapi."

Fundi yule sasa haanzi kazi ya mtu bila kuuliza kama kuna anayetumia kiti au magongo. Mkopo nao tuliupata kama kikundi, na tunaurejesha.

Mji wetu unajengwa. Soko Kuu la Chifu Kingalu limesimama upya, la ghorofa, tangu mwaka 2021, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatuunganisha na Dar es Salaam. Nafurahi nao wanaofurahi. Ninalowaomba wahandisi, viongozi wa dini, wenye maduka na wenye nyumba za wageni ni dogo: mtuite mapema. Kwenye ramani mteremko ni mstari wa kalamu. Zege likishakauka, ni nyundo, vumbi na gharama mara mbili. Nanyi mnaotubeba, Mungu awalipe, na msichoke. Lakini mkishatutua chini, shikeni na futi kamba.

Mwaka jana mjomba alishuka kutoka Matombo, kifua kinambana. Amezeeka, anatembea kwa fimbo. Nilimpeleka zahanati mwenyewe. Tulipofika, kwa mazoea, aliegemeza fimbo ukutani akataka kushika kiti changu anisukume.

"Acha, Mjomba," nikamwambia. "Shika bomba."

Alilishika. Tulipanda polepole, yeye kwa mkono, mimi kwa magurudumu. Pale kwenye kona tukapumzika wote wawili.