Niliacha Kukagua Peke Yangu

Nakuandikia wewe unayetunza programu huria peke yako, ambaye simu ikitoa mlio usiku moyo unashtuka. Nimepita huko. Alhamdulillah nimetoka, ingawa moyo haujasahau.

Programu yangu inahesabu akiba ya dawa kwenye zahanati na maduka ya dawa. Niliianza Tanga kwa ajili ya duka la shemeji, nikaiweka wazi GitHub, anayetaka aitumie na airekebishe. Ikapendwa. Watu nisiowajua wakaleta mabadiliko yao, na kila badiliko likanisubiri mimi nilisome mstari kwa mstari kabla halijaingia. Mchana nipo kazini, usiku nakagua. Watu hudhani kazi ni kuandika msimbo. Kuandika ni raha. Kusoma msimbo wa mtu usiyemjua, huku ukijua kosa likipita mgonjwa ataambiwa dawa hakuna, hiyo ndiyo kazi inayomla mtu.

Foleni ikarefuka, maneno nayo yakaanza. "Mradi umekufa huu?" "Kama umeshindwa, waachie wengine." Huduma ya bure, na matusi juu.

Katikati ya hayo akatokea kijana mmoja, simjui kwa sura wala kwao. Msimbo wake msafi, mwenyewe mpole. Baadaye wakazuka wengine, majina mageni kabisa, wakawa wananisukuma: mpe huyo ruhusa, awe anaingiza mwenyewe. Nikaona ni rehema. Nikapanga kumpa baada ya Idi.

Ilikuwa Ramadhani ya 2024. Ijumaa ya tarehe 29 Machi ikatoka habari ya XZ, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo ndani ya mifumo mingi ya Linux. Lasse Collin wa Finland alikuwa ameitunza karibu peke yake kwa miaka mingi, na alikuwa amechoka. Mtu aliyejiita Jia Tan akaja na msaada wake. Wengine wakamsukuma Collin apokee msaidizi, na Jia Tan akapata nafasi. Kwenye toleo la 5.6.0 na la 5.6.1 akapenyeza mlango wa siri. Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akifanya majaribio yake mengine kabisa, aligundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde!

Niliisoma kesho yake, baada ya futari. Nikairudia. Ule upole. Wale wasukumaji. Mikono ikatetemeka. Nikatoka barazani. Hewa haitoshi. Kifua kimebana. Nikajua nakufa. Mke wangu akapiga kelele, kaka akaja na bajaji. Hospitali wakasema presha imepanda. Mama akakaa pembeni ya kitanda akisoma Yasini, hakuondoka mpaka alfajiri. Niliporudi nyumbani niliogopa kuwasha kompyuta. Siku zikapita. Nikawaza kufuta kila kitu. Nilishindwa hata hilo.

Mke wangu ni mwalimu, msimbo haujui. Jioni moja akaniuliza, "Si ulisema kila mtu anaweza kuuona? Mbona unausoma wewe tu?"

Nikatangaza kwamba kuanzia sasa kila badiliko litakaguliwa na watu wawili, likiwemo langu. Yule kijana sikumsikia tena. Mpaka leo sijui alikuwa nani. Huenda alikuwa mtu mwema tu.

Tangazo la jumla la kuomba wakaguzi halikuleta mtu. Wengi wanadhani mkaguzi lazima awe bingwa. Ndipo nikaanza kumfuata mtu mmoja mmoja, nampa kipande kidogo na swali moja: hapa mtandao ukikatika, itakuwaje? Mabadiliko makubwa nikayarudisha yakatwe vipande. Nikaiga pia desturi ya Linux, ambako jina la mkaguzi huandikwa kwenye kumbukumbu ya badiliko pamoja na la mtunzi. Hilo la jina liliwavuta kuliko nilivyotegemea. Binadamu tunapenda kutajwa, hakuna ubaya.

Mfamasia mmoja wa Handeni, anayejua msimbo kidogo tu, alipewa badiliko lililogawanya idadi ya vidonge kwa ukubwa wa kopo. Akaandika: "Kopo la vidonge 1000 nikilifungua, vikabaki 600, mbona hapa linasomeka sifuri?" Kweli. Mgawanyo ule ulikuwa wa namba nzima, masalio yanatupwa. Majaribio yote ya kompyuta yalikuwa yamepita, maana aliyeyaandika alihesabu makopo yaliyojaa tu. Mimi sijawahi kusimama nyuma ya kaunta ya dawa. Yeye yuko hapo kila siku.

Mwaka jana nilikwenda Pemba harusini, nikazima simu. Toleo jipya likatoka bila mimi. Bado ujumbe wa mgeni mwenye haraka hunikaza kifua; naupeleka kwa wenzangu nao wausome, kisha nalala.

Kama huna wa kuanza naye, watazame wanaokulalamikia. Mkaguzi wangu wa kwanza ni yule aliyeuliza kama mradi umekufa. Nilimtumia kipande cha mistari michache, akanijibu usiku uleule.