Jumapili zangu zote nyuma ya kamera

Nilipokuwa mtoto, siku niliyoichukia kuliko zote ilikuwa Krismasi. Si kwamba tulikosa chapati. Mama alihakikisha tumekula tukashiba. Niliichukia kwa sababu siku hiyo baba hakuwapo nyumbani.

Baba alikuwa mpiga picha katika bustani ya Uhuru Park, jijini Nairobi. Wale mliofika mjini miaka ya themanini na tisini mnawakumbuka watu hao: koti lenye mifuko mingi, kamera shingoni na bahasha ya picha za mfano mkononi. Walikusimamisha kando ya ziwa la mashua, au wakakuelekeza namna ya kuinua mkono hadi picha itoke kana kwamba umelishika jumba la KICC kwa vidole viwili. Ulilipa kiasi, ukaacha anwani yako ya posta, na baadaye picha zikakufuata kijijini.

Sasa niambie, watu huenda bustanini lini? Ni Jumapili na sikukuu. Kwa hivyo baba aliwapiga picha watoto wa wenzake waliovaa nguo mpya, huku sisi wake tukikaa mlangoni tukihesabu mabasi yanayopita. Niliapa moyoni kwamba siku nitakapopata watoto, Jumapili zangu zitakuwa zao.

Msomaji, nakusimulia haya mapema ili baadaye unicheke vizuri.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 nilinunua kamera. Haikuwa mpya. Niliipata katika duka moja la barabara ya Luthuli kwa Sh28,000, pesa ambazo mama watoto na mimi tulikuwa tumeziweka kando ili tununue meza ya kulia chakula. Nilimweleza kwamba mwandishi anayejua kupiga picha ana faida mara mbili. Aliitazama kamera, akanitazama mimi, akasema: "Haya basi. Sahani tutaziweka juu yake."

Jumapili iliyofuata nilishika njia hadi uwanja wa RFUEA kwenye barabara ya Ngong kutazama raga. Nilibonyeza mara 212. Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa, lakini nilipozifungua picha zile kwenye kompyuta, niliona mizimu. Wachezaji hawakuwa na nyuso. Walikuwa mistari ya rangi iliyovutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu aliyefuta ubao kwa kitambaa chenye maji.

Wakati huo baba alikuwa amehamia kwetu mtaani Umoja. Macho yake yote mawili yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho. Aliweza kutambua dirisha lilipo, na umbo la mtu akipita, lakini uso hakuuona. Mwenyewe alilifanyia mzaha jambo hilo. "Lenzi imeingia ukungu tu," alikuwa akisema.

Jioni ile alinisikia nikiguna mbele ya kompyuta, akauliza kulikoni. Nikamweleza.

"Hao watu walikuwa wakikimbia?"

"Ndiyo, baba."

"Na shata uliifungua kwa muda gani?"

"Sijui. Kamera ilijiamulia yenyewe."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Tangu aje kwetu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Kisha akavuta kiti. "Shata ni mlango," akaniambia. "Ukiuacha wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, mtu aliyesimama atatoka vizuri, lakini anayekimbia atapita akiburuta mkia. Huyo mpe sehemu moja ya 500. Akiwa na mbio sana, moja ya 1,000. Na hizo 212 ulizobonyeza, unajua ni filamu ngapi? Karibu sita nzima! Filamu yangu ilikuwa na picha 36, na kila iliyoharibika ilikuwa nusu ya mkate wenu."

Hivyo ndivyo masomo yangu yalivyoanza. Kila Jumapili nilitoka asubuhi na kamera, na jioni nikaketi na mzee nikimsomea picha zangu kama mtu anayemsomea mwingine barua. Nilimwambia nani amesimama wapi, mwanga umetoka upande gani, na nyuma kuna nini. Naye, bila kuona hata picha moja, akaniambia nilipokosea.

Alinifundisha kutazama kivuli kabla sijatazama kamera. Zamani, alisema, ukiwa na filamu ya 100 uliiweka shata kwenye 1/125, kisha ukakiuliza kivuli chako. Kikiwa na ukingo mkali, tundu la lenzi ni 16. Kikilegea kidogo, 11. Kikififia, 8. Kisipoonekana kabisa, 5.6. Alizitaja namba hizo kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha.

Aliniambia pia nisimpige mtu picha saa sita mchana mahali palipo wazi, kwa kuwa jua la Nairobi huwa utosini na macho ya mtu hugeuka mashimo mawili. Nimwombe asogee chini ya mti. Akanionya kwamba mbingu nyeupe nyuma ya mtu huidanganya kamera. Hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso wa Mwafrika ukatoka mweusi kama kaa. Hapo ni juu yangu kuuongeza.

Kuhusu michezo alikuwa na neno moja: "Usiufuate mpira. Ufuate uso wa yule anayeungoja, na ubonyeze kabla haujafika. Ukisubiri uone, umekwisha kuchelewa."

Nilikwenda na maneno hayo Kasarani tarehe 3 Agosti 2025, Kenya ilipoanza mashindano ya CHAN dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kutoka jukwaani hadi uwanjani ni mbali, maana katikati pana njia ya wanariadha, na lenzi yangu ni fupi. Hata hivyo nilivizia. Muda mfupi kabla ya mapumziko Austin Odhiambo akafunga bao, ambalo ndilo lililotupa ushindi wa 1-0. Mimi je? Nina picha safi kabisa ya mgongo wa bwana mmoja mnene aliyeruka mbele yangu akiwa na vuvuzela.

Mjini nako nilipata yangu. Siku moja nilikuwa nikipiga picha jengo la zamani lenye nguzo nzuri, mara bawabu akanijia mbio akanishika mkono. Alinilazimisha nizifute zote mbele yake. Nilipofika nyumbani nikiwa nimenuna, baba hakunihurumia. "Ulimsalimia kwanza?" akauliza. "Mimi nilikaa bustanini miaka mingi, na sikuwahi kumwelekezea mtu kamera kabla ya kumpa salamu." Tangu siku hiyo huanza kwa salamu. Nimeruhusiwa kupiga picha mafundi viatu, wauzaji maua na makanga wanaoning'inia milangoni, na wachache sana ndio wamekataa.

Mwishoni mwa mwaka baba alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Daktari alieleza kwamba lenzi iliyoingia ukungu huondolewa na nyingine ya bandia ikawekwa mahali pake. Mzee aliposikia kwamba anabadilishiwa lenzi alifurahi mno, akauliza kama wanaweza kumpa ya milimita 50.

Bandeji ilipoondolewa na jicho likatulia, nilimwandalia zawadi. Nilichagua picha 40 nilizoziona bora, nikaenda kuzichapisha, maana mzee hataki habari za kutazama picha kwenye simu. Jumamosi moja alasiri nilizitandaza sakafuni sebuleni. Meza, kama ujuavyo, hatukuwa nayo.

Alichuchumaa akazipitia moja moja, kimya. Nilikuwa na wasiwasi kuliko siku ya mtihani wa chuo.

"Huyu umemkata miguu," alisema mwishowe. "Huyu pia. Kwani wana deni lako? Hapa mti umeota kichwani mwa mama wa watu." Aliendelea hivyo hadi nikajuta. Kisha akaichukua picha ya mvulana mchuuzi wa njugu niliyempiga Kasarani. Watu wote nyuma yake wamesimama wakitazama uwanja, naye ameupa uwanja kisogo, anahesabu chenji. "Hii ni picha," alisema mzee, akaiweka kando.

Alipomaliza alizikusanya zote, akanitazama kwa jicho lake jipya.

"Nyumba hii iko wapi?"

Sikuelewa.

"Nimeona raga, nimeona mpira, nimeona mafundi viatu na makanga. Sikumwona mke wako. Sikuwaona wajukuu wangu. Hata mmoja."

Nilitaka kujitetea. Ningesema hao niko nao kila siku, na kwamba nilikuwa bado najifunza. Badala yake lililotoka kinywani ni lile nililoliweka tangu utotoni. "Na wewe baba, Krismasi zetu ulikuwa wapi?"

Mama watoto, aliyekuwa jikoni, aliacha kukatakata sukuma wiki. Nyumba ikawa kimya.

"Nilikuwa nikitafuta karo yenu," alijibu baba bila hasira. "Na hata hivyo jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana nina negativu za watoto wa Nairobi nzima, na za kwenu hazijai bahasha moja. Lakini wewe una mshahara, mwanangu. Jumapili unatafuta nini? Mimi nilikuwa sioni, lakini masikio yalikuwa mazima. Kila Jumapili nimekaa kwenye kiti hiki nikimsikia huyu mdogo akiuliza, 'Baba atarudi saa ngapi?'"

Wahenga walisema mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Mimi nilikuwa nimekitazama kisogo cha baba miaka yote hiyo nikikilaumu, kumbe nilikuwa nikiifuata njia ile ile, tena bila sababu aliyokuwa nayo yeye. Usiku ule sikupata usingizi. Nilizipitia picha zote zilizomo kwenye kompyuta, maelfu yake, nikimtafuta kifungua mimba wangu aliyetimiza miaka saba mwaka huo huo. Nilimpata mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa nikijaribu flashi.

Asubuhi tulivaa sote, tukapanda matatu hadi mjini, na kutoka hapo tukaelekea Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907. Tulibeba chai kwenye thamosi, mayai ya kuchemsha na chapati za mama watoto. Watoto walikimbizana na kuwatazama tumbili wanavyonyemelea chakula cha watu. Nilipiga picha 20 pekee. Kati ya hizo, nzuri ni moja: mama watoto amegeuka ghafla kumkaripia tumbili aliyechukua chapati, na anacheka huku akikaripia. Niliweka shata kwenye 1/500. Imetoka safi, hata vidole vya tumbili unaweza kuvihesabu.

Siachi kamera. Naipenda, na bado nakwenda viwanjani, ila siku hizi mkubwa hufuatana nami na ndiye anayenibebea betri. Jumapili nyingine kamera hubaki kabatini, nasi tukakaa tu. Meza ya chakula nayo tulinunua mwezi uliopita.

Siku ile ya Arboretum, kabla hatujaondoka, baba aliniomba kamera. Aliitazama ardhini, akakiona kivuli chake, akanung'unika, "Kumi na moja." Akatupanga chini ya mti, mimi, mama watoto na watoto wetu wawili, akatusogeza hatua moja kushoto, akatuamuru tusiwe kama watu walio mahakamani. Kisha akabonyeza.

Picha hiyo sasa iko ukutani kwetu. Sote tunacheka, mwanga ni mzuri ajabu, na mimi nimekatwa miguu. Mzee anasema alifanya makusudi.