Sifuri Tatu za Mama Mboga

VLOOKUP ikikosa ulichoituma kutafuta, inakuandikia #N/A. Wateja wangu huiona hiyo alama kama matusi. Wananipigia saa nne usiku: "Excel imeharibika." Haijaharibika. Kati ya majibu yote ambayo fomula inaweza kukupa, hilo ndilo lenye adabu zaidi. Linasema: nimetafuta pale uliponionyesha, kwa maandishi yale yale uliyonipa, na sijapata. Halisemi kwamba kitu hicho hakipo.

Hiyo tofauti inanilipia kodi ya nyumba. Kati ya makala moja na nyingine (na vile malipo ya makala huchelewa, wacha tu), mimi husafisha mafaili ya Excel ya maduka, makanisa na vyama. Kazi yenyewe ni kujua kwa nini kitu kilichopo hakipatikani.

Mwaka jana mweka hazina wa chama fulani huko Kayole aliniita. Ni rafiki ya mamangu, tangu utotoni namwita anti. "Mwanangu, kuja uangalie hii kompyuta, wamama karibu wapigane."

Chama kina watu 38, kila mmoja anachanga 1,000 kwa mwezi. Ukikosa miezi 3 mfululizo, hukopeshwi. Mama mboga mmoja alikuwa ameomba mkopo wa karo, shule zinafunguliwa wiki inayofuata. Shiti ikaonyesha sifuri tatu mbele ya jina lake: Mei, Juni, Julai. Akatoa simu, akaonyesha ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi. Mwenzake mmoja akasema pengine hizo zilikuwa za kulipa deni la zamani. Mwingine akamaliza mjadala: "Lakini kompyuta inasema hujachanga."

Nikafungua kisanduku chenye sifuri ya kwanza:

=IFERROR(VLOOKUP(B7,Mei!A:C,3,FALSE),0)

Angalia hapo mwisho. IFERROR inaambia Excel: ukipata hitilafu yoyote, weka 0. Aliyewatengenezea hiyo shiti hakutaka #N/A zimchafulie ukurasa, akazifunika. Ukurasa ukawa safi kabisa. Ila "sijampata" ikageuka kuwa "hajalipa", na hakuna aliyeona ikigeuka.

Kwa hivyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kuitoa IFERROR. Sifuri zikarudi kuwa #N/A, na wamama wakashtuka wakidhani nimeharibu. Nikawaambia ngojeni.

Pili, nikatafuta nambari yake ya simu kwenye malipo kwa kuiandika mwenyewe. Ipo, mara moja kila mwezi. Kumbe pesa iliingia.

Tatu, nikaangalia nambari imehifadhiwaje. Ukiandika nambari inayoanza na 07, Excel hudhani ni hesabu na kuitupa ile sifuri ya mbele. Unajikuta shiti moja ina 07 iliyohifadhiwa kama maandishi, nyingine ina 7 iliyo tarakimu, na fomula haioni undugu wowote kati yao. Kama hujagusa mpangilio, utaziona: maandishi hukaa kushoto mwa kisanduku, tarakimu hukaa kulia. Zake zote zilikuwa kushoto. Si hiyo.

Nne, LEN, ambayo huhesabu herufi zilizo ndani ya kisanduku. Nambari ya simu ya 07 ina tarakimu 10. Yake kwenye orodha ya wanachama ikatoa 11. Kulikuwa na nafasi tupu mwishoni, haionekani kwa macho. Nikatumia TRIM, ambayo huondoa nafasi za ziada. Bado 11. Basi nikajua ni ile nafasi ya kurasa za mtandao, CHAR(160), ambayo TRIM haiigusi. Huja na vitu unavyokopi kutoka kwingine. Dawa yake ni SUBSTITUTE: badilisha CHAR(160) na kitu tupu.

Nikabonyeza Enter. 1,000. 1,000. 1,000.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mboga alisema tu, "Si niliwaambia," akarudisha simu kwenye mfuko wa aproni. Aliyesema kompyuta imesema akaanza kuuliza chai iko wapi.

Ile sentensi yake mimi naijua. Mwaka wa tatu chuoni, somo moja halikuwa na alama kwenye matokeo yangu. Nilikuwa nimefanya mtihani, nina kadi yenye sahihi ya msimamizi. Muhula mzima nilitumwa kutoka ofisi hadi ofisi, na kila dirisha lilinipa jibu moja: hauko kwenye sistimu. Halikusema limenikosa kwenye sistimu. Lilisema siko. Karo ya muhula uliofuata ilipokosekana nyumbani, sikuwa na nguvu ya kupigania vitu viwili. Nikaondoka.

Siku hizi faili likipita mikononi mwangu, kuna mambo mawili sijadili. FALSE lazima iwe mwisho wa VLOOKUP. Ukiiacha, Excel huchukulia ni TRUE, na hapo ikikosa unachotaka inaweza kukuletea kilicho karibu nacho, malipo ya mtu mwingine, bila alama yoyote ya hitilafu. XLOOKUP, iliyotangazwa 2019, imeanza na tabia nzuri: usipoiambia vingine, inatafuta kinacholingana kabisa. Lakini kompyuta nyingi ninazokutana nazo bado zina Excel ya zamani.

La pili: sifuri ni ya mtu ambaye tumehakikisha hajalipa. Ya anti nilibadilisha hivi:

=IFNA(VLOOKUP(B7,Mei!A:C,3,FALSE),"Uliza")

IFNA inashika #N/A peke yake, na hitilafu nyingine zinabaki wazi uzione. Anti alitaka niweke "Hajapatikana". Nikamwambia hapana, weka kitu ambacho kitafanya mtu ashike simu.

Mkopo ulitoka Ijumaa hiyo. Mwezi uliofuata shiti ilikuwa na "Uliza" 2. Anti akawapigia. Mmoja alikuwa amebadilisha laini ya simu na alikuwa amelipa. Mwingine hakuwa amelipa, na alisema hivyo mwenyewe.